Sarafu Katika Ncha ya Kitenge

Leo nimewaletea habari ya kitu kidogo kinachoenea katikati ya kiganja cha mtoto, lakini kimebeba ndani yake wafalme, marais, vita na akiba za wazee wetu. Nataka tuzungumze juu ya sarafu za dhahabu za ukumbusho.

Siku moja mama mzee wa mtaa wetu hapa Uvira alikuja nyumbani kwangu. Akaketi, akanywa maji, akaulizia watoto mmoja mmoja kwa jina. Kisha akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake, akatoa sarafu.

"Mwanangu," akasema, "marehemu baba yao aliniachia hii. Alisema nisiiuze mpaka siku nitakayobanwa kabisa. Sasa mjukuu wangu amefukuzwa shule kwa ajili ya deni. Wewe unayesoma, niambie hiki ni kitu gani."

Niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotazamia. Upande mmoja kuna sura ya mwanamume aliyevaa sare, upande wa pili nembo ya ufalme. Nikasoma: Mwambutsa wa Nne, Mfalme wa Burundi, mwaka 1962, franka 25. Ndiyo sarafu iliyopigwa kuadhimisha uhuru wa jirani zetu, uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Zilitoka nne kwa pamoja: ya franka 10, ya 25, ya 50 na ya 100, zote za dhahabu.

Tukaenda pamoja kwa mfua dhahabu. Alikuwa na mzani wa sahani mbili, wa kushika mkononi. Mnaijua mizani ile, ndiyo inayotumika kule machimboni Misisi na Kamituga, na mawe yake ya kupimia ni vijiti vya kiberiti na sarafu kuukuu zilizokwisha kutumika. Akaiweka sarafu ya mama kwenye sahani moja, akajaza sahani ya pili, akanyanyua, akatazama ulimi wa mzani. Hakuigeuza sarafu hata mara moja asome kilichoandikwa. Akataja bei, akasema, "Mama, nikiiyeyusha leo, kesho ni hereni."

Nilimwomba mama aifunge tena kwenye kitenge, tuzungumze kwanza. Niliyomweleza jioni ile ndiyo ninayotaka kuwaeleza ninyi.

Sarafu ya ukumbusho ina bei mbili. Kuna bei ya uzito, na kuna bei ya habari yake. Bei ya uzito mtu yeyote mwenye mzani anaweza kuijua. Bei ya habari anaijua aliyesoma tu, na asiyesoma huinunua ghali kisha huiuza bure. Hilo ndilo jambo langu la leo, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo.

Tuanze na uzito. Sarafu ya mama ina gramu 8. Lakini si dhahabu tupu. Dhahabu tupu ni laini, inakwaruzika kwa ncha ya kisu, kwa hiyo watengenezaji huichanganya na shaba kidogo. Katika sarafu ile, sehemu 900 kati ya 1,000 ni dhahabu. Piga hesabu: gramu 8 mara 0.9 ni gramu 7.2 za dhahabu safi. Sokoni ulimwenguni dhahabu haihesabiwi kwa tola kama tunavyozoea sisi, tola yetu ya gramu 11 na ushei. Huhesabiwa kwa aunsi, na aunsi moja ni gramu 31.1. Mwezi wa tatu 2025 aunsi ilivuka dola 3,000. Kwa bei ile, gramu moja ilikuwa dola 96 hivi, na sarafu ya mama, kwa uzito peke yake, ilifika dola 690 hivi. Bei ya mfua dhahabu haikufika nusu ya hapo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujaitikia bei ya mtu, jua mambo matatu: gramu ngapi, usafi kiasi gani, na bei ya aunsi leo. Hata simu ndogo ya mjukuu wako inaweza kukuambia bei ya aunsi. Mengine ni kuzidisha na kugawa, hesabu za darasa la tano.

Sasa tuje kwenye habari.

Wengi wetu tumesikia habari za Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika walikuwa wamezingirwa. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, na pesa za kuwalipa askari na wauza chakula zilikuwa zimekwisha. Wakaamua kupiga pesa wenyewe, hukohuko Tabora. Ndipo ikazaliwa sarafu ya rupia 15 ya dhahabu: tai wa Ujerumani upande mmoja, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima. Zilipigwa 16,198 tu. Maganda ya risasi na shaba nyeupe kwa nyekundu yakageuzwa kuwa senti za matumizi, heller 5 na heller 20.

Na nani waliiteka Tabora? Ni jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, chini ya Jenerali Tombeur. Kikosi chake cha kusini, kilichoongozwa na Kanali Olsen, kilivuka Ruzizi, mto huu wetu, mwaka 1916. Mwezi wa sita kikaingia Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura, kikashika Kigoma mwishoni mwa mwezi wa saba, na tarehe 19 Septemba 1916 kikaingia Tabora. Askari wake walikuwa Wakongomani, na nyuma yao walifuata wapagazi, vijana wa vijiji vyetu na vya jirani, wakibeba mizigo kichwani kwa mamia ya kilomita. Wengi wao hawakurudi. Tombeur alipewa heshima huko Ubelgiji, jina la Tabora likaongezwa kwenye jina lake. Wapagazi hawakupewa heshima ile.

Ile sarafu ya tembo ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu tu ndiyo dhahabu. Maana yake ina dhahabu safi gramu 5.4 hivi, pungufu kuliko sarafu ya mama. Ukiipeleka kwenye moto wa mfua dhahabu utapata pete mbili. Lakini wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya na Marekani huinunua kwenye mnada kwa maelfu ya dola, mara kadhaa ya bei ya dhahabu iliyomo. Wanalipia nini? Wanalipia vita ile, mji ule uliokuwa karibu kuanguka, na uchache wa sarafu zenyewe. Wanalipia habari ambayo babu zetu waliibeba vichwani.

Sasa sikieni jambo lililonishangaza nilipozipanga sarafu hizi kwa miaka yake.

Tabora walipiga dhahabu mwaka 1916, na mwaka huohuo mji ukatekwa. Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe ilipiga sarafu ya dhahabu ya franka 5 mwaka 1961, upande mmoja mkungu wa ndizi, upande mwingine msalaba wa shaba wa Katanga, ule ambao wahenga wa kule walifanyia biashara na kulipia mahari. Januari 1963 Katanga ile ikawa imekwisha. Mwaka 1965 nchi yetu ya Kongo ilipiga sarafu za dhahabu zenye sura ya Rais Kasa-Vubu, kuadhimisha miaka 5 ya uhuru. Sikukuu ilikuwa tarehe 30 Juni. Tarehe 24 Novemba mwaka uleule Mobutu akamwondoa. Mwaka huohuo wa 1965 Burundi nayo ikapiga dhahabu kuadhimisha miaka 50 ya Mwambutsa kwenye kiti cha ufalme. Mwezi wa saba 1966 mwanawe alimvua ufalme, na kabla mwaka haujaisha ufalme wenyewe ukafutwa. Mwaka 1975 Zaire ikapiga sarafu ya zaire 100, dhahabu ya gramu 33 na zaidi, yenye picha ya chui. Mwaka 1997 jina la Zaire likaondoka.

Kila sarafu iliahidi kudumu kwa utawala ulioipiga, na kila utawala ulipita. Kilichobaki ni dhahabu. Ndiyo maana nawaambia, msinunue sarafu kwa kuvutwa na sura iliyo juu yake. Sura hupita, gramu hazipiti.

Na sisi wa Uvira tunalijua hilo kuliko wengi, kwa sababu tumeona karatasi nazo zikipita. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka Krismasi ya 1979, serikali ilipotangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina thamani tena, mipaka ikafungwa, watu wakapewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Waliokuwa na akiba chini ya godoro walibaki na karatasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 ikaja franka yetu ya leo: zaire mpya 100,000 zikawa franka 1. Kokotoeni wenyewe ni nini kilichobaki cha mtu aliyeweka akiba mwaka 1979 akaja kuifungua 1998. Ndiyo maana leo tunashika dola, na hata dola mnajua taabu yake: ikichanika kidogo pembeni, muuza duka anaikataa.

Marehemu mume wa mama yule alikuwa na akili kumwachia mke wake kitu kisichofutwa na tangazo la redio.

Lakini nisiwadanganye. Dhahabu nayo ina vipindi vyake. Mwezi wa kwanza 1980 bei ya aunsi ilipanda mpaka dola 850, watu wakakimbilia kununua. Ikaanguka. Ilirudi kwenye kiwango kile mwaka 2008, baada ya miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya 1980 alikuwa ameshaoa na kupata watoto. Kwa hiyo anayekuambia kwamba dhahabu hupanda tu, huyo anataka kukuuzia. Dhahabu ni akiba ya kulala. Pesa za shule za mwezi ujao, dawa za mtoto, mtaji wa samaki, hizo hazikai kwenye sarafu. Hizo zikae kwenye likelemba, mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu, zikae kwenye AVEC, chama cha kuweka na kukopa cha mtaa, mahali utakapozipata kesho. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ukishalipa yote hayo na kitu kikabaki, na moyo wako unataka dhahabu, basi sikiliza.

Kwanza, tofautisha sarafu ya akiba na sarafu ya ukumbusho. Afrika Kusini hupiga Krugerrand tangu 1967. Ile ya aunsi kamili ina uzito wa gramu 33.93, na ndani yake dhahabu safi ni aunsi moja kamili. Haina hata thamani ya pesa iliyoandikwa juu yake, na hupigwa kwa wingi. Ukiinunua unalipa dhahabu na ziada kidogo, na ukiiuza unarudishiwa karibu bei ya dhahabu. Ndiyo sarafu ya mtu anayetaka akiba. Sarafu ya ukumbusho ni jambo lingine. Ina kisanduku cha mahameli, ina karatasi yenye mhuri, ina maneno matamu juu ya uchache wake. Ziada yake huwa kubwa, na mnunuzi wa pili hailipi ziada ile ila kama wakusanyaji wanaitafuta kweli. Katika miaka ya 2000 zimepigwa sarafu nyingi ng'ambo kwa jina la Kongo, za wanyama na meli na michezo, nyingine za dhahabu ndogo zisizozidi gramu moja na robo. Mwananchi wa Uvira hajawahi kuziona mkononi. Zilitengenezwa kwa soko la wakusanyaji wa mbali, na jina letu lilikuwa pambo tu.

Pili, pima kabla ya kulipa. Ile sarafu ya Katanga nimeitaja kwa makusudi. Ilipigwa kwa dhahabu, na kwa umbo lilelile ikapigwa pia kwa shaba ya matumizi ya kila siku. Ndizi ni zilezile, msalaba uleule, mwaka uleule 1961. Mtu akiisugua ile ya shaba mpaka ing'ae anaweza kukuuzia kwa bei ya dhahabu. Lakini mzani hausuguliki: ya dhahabu ina gramu 13.33, ya shaba haifiki hata gramu 7. Papo hapo umemjua.

Tena kuna kipimo cha maji, nacho tulikifanya nyumbani na mama. Nilikopa mzani mdogo wa betri unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Tuliipima sarafu ikiwa kavu: gramu 8. Kisha tukaifunga kwa uzi mwembamba wa kushonea, tukaining'iniza ndani ya kikombe cha maji bila kugusa chini wala ubavu, tukaipima ikiwa ndani ya maji. Ilipungua karibu nusu gramu. Ingekuwa shaba yenye uzito uleule ingepungua karibu gramu nzima, kwa sababu shaba hujaza nafasi kubwa zaidi kwenye maji. Mama alitazama namba zile, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. Lakini angalieni: kuna madini mengine, tungsteni, yenye uzito unaokaribiana sana na dhahabu safi, na matapeli huyapaka dhahabu. Kwa mali kubwa usiridhike na maji peke yake, mtafute mtu wa vipimo.

Tatu, usiisafishe. Najua tunapenda kitu king'ae. Lakini ukiisugua sarafu ya zamani kwa majivu au dawa ya meno unaondoa ngozi yake, na mkusanyaji akiona mikwaruzo ile hushusha bei. Usiitoboe, usiichomelee kikonyo iwe kidani. Ishike ukingoni, iweke peke yake kwenye kitambaa laini.

Nne, shika sheria. Dhahabu ya mchanga na vipande vya machimboni ina sheria yake: mchimbaji awe na kadi, na mnunuzi naye awe na kadi. Asije mtu akakuuzia mchanga wa dhahabu gizani akasema ni sawa na sarafu. Na ukivuka mpaka wa Kavimvira na sarafu yako, watangazie watu wa duane, na uwe na karatasi ya ununuzi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano, iwepo roho ya pili inayojua mali ilipo. Tunakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika usiku, nyumba zikaondoka na vyote vilivyokuwamo. Dhahabu haiozi majini, lakini maji huichukua. Na mwenye siri akifa peke yake, sarafu hubaki ukutani mpaka mgeni aje kubomoa.

Ndugu zangu, kuna jambo linaloniuma, nami nitalisema. Udongo wa mkoa huu umetoa dhahabu tangu kampuni ya MGL ilipoanza kuchimba Kamituga enzi za Wabelgiji. Vijana wetu wanashuka mashimoni mpaka leo. Dhahabu hiyo huondoka ikiwa mchanga ndani ya karatasi, haina jina wala tarehe. Ikifika mbali inayeyushwa, inapigwa chapa, inawekwa kwenye kisanduku, inapewa historia ya watu wengine. Sisi tuna dhahabu isiyo na habari, na tuna habari isiyo na dhahabu. Ndiyo maana sarafu chache zilizobaki vitambaani mwa mama zetu, za Kasa-Vubu, za Mwambutsa, labda hata tembo wa Tabora aliyerudi mfukoni mwa askari, ni mali ya aina ya pekee. Ndani yake dhahabu na habari bado vimeshikana. Mfua dhahabu akiiyeyusha moja kwa bei ya hereni, tumevitenganisha milele.

Mama yule hakuiuza. Kina mama wa likelemba yake walimpa zamu mapema, mjukuu akarudi darasani. Sarafu imefungwa kitambaani pamoja na kikaratasi tulichokiandika: nchi gani, mwaka gani, gramu ngapi, usafi kiasi gani, na jina la mume wake aliyemwachia. Siku akibanwa kweli ataiuza, ni haki yake, wala hakuna aibu. Lakini ataiuza akijua anachouza.

Basi ombi langu kwenu ni hili. Jioni ya leo, mketi na wazee wenu, muwaulize kwa heshima kama kuna sarafu ya zamani nyumbani. Ikiwapo, isomeni, ipimeni, mwandike, kabla mtu yeyote hajaikaribisha kwenye moto. Dhahabu iliyoyeyushwa inaweza kununuliwa tena. Habari iliyoyeyushwa hairudi.